Mama Alipoanika Nyumba

Mvua ya wiki iliyopita iliingia chumbani mwangu hapa Migori, ikalala humo, na ilipotoka iliacha mstari wa matope ukutani. Nilifungua sanduku la vitabu vyangu vya chuo kikuu kuona vilivyosalia. Harufu iliyotoka humo haikunikumbusha chuo hata kidogo. Ilinikumbusha bakuli la bati lililofunikwa sakafuni, na mama yangu amechuchumaa mbele yake akinikataza kuligusa.

Mwenye nyumba alifika siku hiyohiyo na mkebe wa rangi ya mafuta. Ni mtu mwema, hapendi wapangaji wake wakae katika uchafu.

"Mwalimu, leo tunapaka, kesho huoni kitu."

"Na ndani ya ukuta?"

"Ndani ya ukuta kuna nani?" akaniuliza, akacheka peke yake.

Nilimwomba angoje. Anangoja mpaka leo, na nadhani ameshaanza kuniona mtu wa ajabu. Lakini swali lake halikunichekesha, kwa sababu kuna wakati niliamini kweli kwamba ndani ya ukuta wetu kulikuwa na mtu, na kwamba mtu huyo ni baba yangu.

Tulikaa katika nyanda za chini, karibu na mahali mto Kuja unapoingia ziwani. Wenzangu mliokulia pande hizo mnaikumbuka mvua ile iliyonyesha mpaka ziwa lenyewe likapanda na kukaa juu, kana kwamba limehamia. Baba alifanya kazi katika meli ya mizigo, na kituo chake kilikuwa Homa Bay. Ziwa lilipoyameza magati, meli hazikuonekana tena upande wetu, na habari zake zikakatika. Mimi nilikuwa wa umri wa kuanza shule, ila shule yenyewe ilikuwa majini. Mdogo wangu Ouko alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka, na alichoka haraka, kwa sababu kifua chake kilikuwa kibovu tangu kuzaliwa.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalitambaa kutoka shamba la mtama, yana rangi ya chai, yakainua kuku mmoja aliyekuwa amelalia mayai, yakapita mlangoni. Tulikimbilia kwa Dani, mama yake baba, aliyekaa juu mwinukoni. Kwetu mke wa mtu halali katika nyumba ya mama mkwe wake, kwa hiyo Dani alitupa jiko lake. Lilikuwa jiko zuri kwa kupikia. Kwa kulala lilikuwa na moshi uliokwama chini ya nyasi na kutushukia, na kila asubuhi Ouko aliamka midomo imegeuka rangi, akivuta pumzi kwa sauti ya kamba inayosuguliwa kwenye mti.

"Turudi kwetu," Mama alisema maji yalipoondoka.

Hatukuwa na pengine. Kujenga boma jipya mahali pa juu hakukuwezekana bila Baba: ni lazima mwenyewe afike na mke wake na mwanawe, achague mahali, na ule usiku wa kwanza walale hapo pamoja. Baba alikuwa mbali na mwanawe alikuwa Ouko, aliyeshindwa hata kupanda mwinuko. Ilikuwa ni nyumba ile ile au jiko la moshi, na mvua fupi zilikuwa njiani. Mama alitaka kitu kimoja tu: mvua zile zimkute Ouko amelala mahali pakavu.

Mstari wa maji ulifika shingoni mwangu. Chini ya mstari udongo ulikuwa umelainika na kuchubuka, fito zikichungulia. Kijiji kizima kilikuwa hivyo, na kijiji kizima kilifanya jambo moja. Wanawake walikusanya udongo na mavi ya ng'ombe, wakaukanda kwa miguu wakitaniana, na kila mmoja akakandika nyumba yake upya kabla jua halijachwa. Nyumba iliyochubuka ilikuwa aibu ya mwanamke wake. Dani ndiye aliyemsimamia Mama, na kwa kuwa Mama alikuwa binti wa kisiwa cha Rusinga, hakumwita jina lingine.

"Nyar Rusinga, hapo umepaka kama unafukuza nzi. Paka unene."

Mama alipaka unene. Jioni nyumba yetu ilikuwa laini kama yai, tukaingia na mikeka yetu.

Halafu nyumba ikaota ndevu. Sina neno lingine la jinsi nilivyoona. Zilianza pembeni nyuma ya mitungi, nyeupe, fupi, laini kuliko kifaranga. Mimi na Ouko tulizipapasa kwa kidole, tukapuliza zikapeperuka. Niliamua kwamba nyumba imezeeka kwa sababu ya kukaa majini, kama vidole vyetu vinavyozeeka tukioga mtoni. Kulikuwa na harufu pia, ya gunia lililosahauliwa chini, na iliingia katika nguo, katika unga, katika nywele za Mama. Ouko akaanza tena ile sauti ya kamba, na safari hii hapakuwa na moshi wa kuulaumu.

"Ni uchafu wa mto," Dani alisema. "Paka tena."

Mama akapaka tena. Ndevu zikarudi, safari hii na madoa meusi. Dani akasema tuwashe moto mkubwa ndani na kufunga mlango, nyumba iive. Tuliuwasha. Kuta zilitoka jasho, nakumbuka matone yakishuka kwa mistari, na kesho yake ndevu zilikuwa zimepanda juu ya mstari wa maji, mahali ambapo mto haukuwahi kufika. Zilifika kwenye picha ya Baba.

Picha ile ilining'inia kwa msumari juu ya kiti chake. Ilipigwa Kisumu, naye akiwa na kofia ya kazi, hakutabasamu, mikono magotini. Ndani ya kioo kitu cheupe kilikuwa kimemwingia kwenye shavu, kikafunika jicho moja. Nilikaa mbele yake siku nzima. Kila nilipotazama ilionekana kimesogea. Kama mtu hajulikani aliko, na uso wake unaliwa ukutani mbele ya watu, na mama yako anapita bila kusema kitu, mtoto anajiandikia habari yake mwenyewe. Sikumwuliza yeyote. Inanishangaza hadi leo, maana nilikuwa mtoto wa kuuliza mpaka watu wananihama.

Siku iliyofuata Mama alikuwa nje anatengeneza samaki. Alikuwa na ngege kadhaa, na kwa mkono wa watu wa kisiwani aliwapasua mgongoni, mmoja baada ya mwingine, akawafungua kama kitabu ili wawe obambla, wale samaki wa kuanika juani. Mmoja alikuwa amemsahau tangu jana, mzima, juu ya jiwe. Ngozi yake ilikuwa imekauka vizuri, inang'aa. Mama alimpasua akitaka kumwongeza kwa wenzake, na ndani alikuwa ameoza.

Aliushika ule uozo karibu na pua kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akageuka akaitazama nyumba.

Akaweka samaki chini, akachukua jembe, akaingia ndani, na nikasikia pande la ukuta likianguka.

Alianza kwa kutoa vitu. Kitanda, mitungi, sanduku, mikeka, na mwisho kiti cha Baba, akakiweka peke yake uani. Nilikuwa nimehudhuria matanga ya kutosha kujua vitu vya mtu vinatolewa nje lini. Kisha akarudi kubandua udongo chini ya mstari wa maji, wa nje na wa ndani, mpaka zikabaki fito tupu, na ungeweza kuona miguu yake kutoka uani. Majirani walisimama kwenye ua wakinong'ona. Mtu alimwita Dani, naye akashuka mwinuko mikono kichwani.

"Nyar Rusinga, unafanya nini?"

"Napasua nyumba, Mama."

"Nyumba inayoachwa ukuta uanguke ni ya mtu aliyekwisha. Mwanangu amekufa?"

"Sijasema hivyo."

"Basi kwa nini unambomolea?"

Mama alitoka, matope mpaka viwikoni. Hakupaza sauti. "Paa ni lake. Sijaligusa, na sitapanda juu yake. Nguzo ni zake. Ukuta huu nani alikandika?"

Dani aliutazama ukuta.

"Niliukandika mimi. Kama kupaka ni kazi yangu, kubandua ni ya nani?"

"Hayo ni maneno ya Rusinga."

"Ndiyo. Na Rusinga hatuaniki samaki mzima."

Dani alikaa chini kando ya kiti cha Baba akaanza kulia, taratibu, bila machozi mengi. Leo najua alilia kwa hofu. Hakuwa na habari za mwanawe kama sisi tusivyokuwa nazo, na mkwe wake alikuwa ameiweka hofu hiyo uani, kila mtu aione. Mimi niliona jambo rahisi zaidi: mama wa mtu analia kando ya kiti cha mtu. Sikuhitaji tena kuambiwa. Nilimchukua Ouko nikampeleka nyuma ya ghala nikamwonyesha mchwa, ili asijue.

Tulirudi jikoni kwa Dani, kwenye moshi, na nyumba ikabaki wazi inapigwa na upepo wa ziwa. Mama aliiendea kila siku. Aling'oa fito zilizokuwa na meusi akazichoma mbali, akakwangua nguzo kwa kisu. Udongo alioubandua hakuutumia tena, aliumwaga kwenye shimo. Watu wengine waliendelea kupaka. Kutoka barabarani nyumba zao zilipendeza, na yetu ilifanana na mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi.

Siku ya soko alinipeleka Karungu. Kulikuwa na duka la Bwana Salim, mtu wa pwani aliyefungua biashara pale kabla sijazaliwa, aliyeuza kila kitu kuanzia ndoana hadi vitambaa. Kiswahili chake kilitiririka. Cha Mama kilikuwa cha sokoni, naye hakukionea haya.

"Salim, mimi nataka ile kitu nyeupe nyinyi napaka msikiti."

"Chokaa, mama."

"Hiyo. Inaua ndevu ya ukuta?"

"Kuvu? Huizuia, inshallah, ila ukuta uwe umekauka. Ukipaka kwenye maji, umeipamba tu."

Mama alinitazama kama vile mimi ndiye niliyebishana naye. "Unasikia?"

Bwana Salim alikuwa anapima chokaa. "Na mzee wa meli hajambo? Nilizunguka kwa boti hadi Homa Bay majuzi nikamwona, gati limezama, wanashusha mizigo kwa mitumbwi. Amekonda kidogo. Anasema barabara ikifunguka tu—"

"Baba amekufa," nikasema.

Nilimsahihisha kwa upole, kwa Kiswahili nilichokiokota sokoni, kwa sababu nilimhurumia. Mtu mzima, duka kubwa, na hakuna aliyemwambia. Mkono wake ulisimama juu ya mizani. Mama naye alibadilika uso namna ambayo sijawahi kuiona tena.

Alinishika bega akanitoa nje, akachuchumaa kwenye kivuli cha duka mpaka macho yetu yakalingana.

"Nani amekuambia?"

"Picha."

"Picha imesema nini?"

Nikamweleza yote: shavu, jicho, kiti uani, Dani. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea acheke au anichape. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, mara moja, upesi.

"Salim amemwona juzi. Picha imemwona lini?"

"Zamani."

"Basi tumwamini nani?"

Nilifikiri sana. "Salim."

"Kile cheupe ni kuvu. Inakula karatasi, inakula mti, inakula mkate. Haijui baba yako ni nani." Akasimama. "Na wewe, siku nyingine ukiona kitu, usikae nacho. Uliza."

Tuliporudi, njiani alitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Dani alipopewa habari za Homa Bay aliuliza mara nyingi Salim alimwona mwanawe akiwa amevaa nini. Mama alibuni shati la bluu. Nilijua amebuni, na nilinyamaza.

Picha aliitoa kwenye kioo, akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaianika kivulini ikilaliwa na kijiwe. Shavu halikurudi. Jicho lilirudi.

Hapo ndipo bakuli lilipoanza kazi. Lilikuwa la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu uliobanduka. Jioni Mama alilifunika kwenye sakafu ya nyumba tupu, akaziba ukingo wake kwa udongo mkavu, akaondoka. Nilikuwa na hakika ananasa kitu. Niliuliza ni chura au ni jini.

"Ni maji."

"Yako wapi? Pakavu."

"Juu pakavu. Kesho utaniambia wewe."

Asubuhi aliniacha niliinue. Sakafu ilikuwa kavu kwa macho, unaweza kuandika juu yake kwa kidole na vumbi likaruka. Lakini ndani ya bakuli kulikuwa na jasho, matone madogo yameshikana tumboni mwa bati. Nikayafuta, nikaonja kidole. Udongo.

"Sakafu inadanganya," nikasema.

"Haidanganyi. Hukuiuliza vizuri."

Sijui alilijulia wapi jambo lile. Nilipokuwa chuo nilimwuliza, akasema aliwahi kuacha bakuli chini siku moja akaliokota likiwa limelowa, basi. Nimesoma chuoni kwamba mawazo makubwa huanzia kwa watu waliokaa wakifikiri. Huenda. Mimi nililiona moja likianzia kwa mtu aliyekuwa anatafuta bakuli lake.

Kazi ya kuinua bakuli ikawa yangu. Kila asubuhi nilishuka mwinuko na kurudi na jibu, na kila asubuhi jibu lilikuwa jasho. Tulilihamisha pembeni, katikati, chini ya mahali pa kitanda. Mama alilima sakafu akaigeuza kama shamba ili iote jua la mlangoni. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya ziwa mchana, na Dani aliyatazama kwa namna ya kutuambia bila kutuambia.

"Mvua ikukute hivyo, utalala na fisi," akasema siku moja.

"Ikinikuta nimepaka maji, nitalala na kikohozi. Bora fisi, nitamfukuza."

"Jirani yako ameshamaliza. Nyumba inang'aa."

"Mtoto wake anakohoa."

Dani akageuka akaitazama nyumba ya jirani. Yule mtoto alikuwa mjukuu wake pia, na sote tulikuwa tumemsikia.

Asubuhi iliyofuata Dani alishuka pamoja nami. Alitembea mbele, kana kwamba anakwenda kushuhudia kosa. Aliinama mwenyewe, akavunja udongo wa ukingo, akainua bakuli. Aliingiza mkono ndani akapitisha kiganja chote, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Akautoa, akautazama, akaupitisha tena.

"Kavu," akasema.

Nilitaka kuhakikisha. Alinipa bakuli. Lilikuwa kavu.

Mama alifika ametulia, ndoo mkononi, akatukuta hivyo. Dani alifunga leso kiunoni.

"Udongo uko wapi?" akauliza. "Au Rusinga mnapaka kwa maneno?"

Walikandika wote wawili, wembamba safari hii, tabaka moja, wakaacha lipigwe na upepo kabla ya lingine. Dani ndiye aliyeweka mkono wa kwanza, na ndiye aliyesema tungoje kabla ya tabaka la pili. Alisema kwa sauti ya mtu aliyebuni jambo hilo. Mama alimwacha. Nyuma ya mitungi na mahali pa picha walipaka chokaa ya Salim, na karibu na sakafu Mama aliacha matundu madogo mstari mmoja, ya upana wa ngumi, ili ukuta upumue.

Mvua zilifika tukiwa ndani. Zilianza mchana, na upepo ulioinamisha mtama, kisha zikashuka nzito juu ya nyasi mpaka hatukusikiana. Ouko alilala usingizi wa mchana kwenye mkeka. Nilijilaza kando yake nikasogeza sikio kwenye kifua chake, nikaitafuta ile kamba. Alipumua kwa pua, mdomo umefungwa. Sitadai kwamba ukuta ndio uliomponya. Watoto wengine hukua na kifua kikajirekebisha chenyewe, na hatukuwa na Ouko wa pili wa kulaza katika nyumba yenye ndevu tukapima tofauti. Najua tu nilichosikia, na nilikisikiliza muda mrefu. Niligeuka nikanusa ukuta. Ulinuka udongo na ng'ombe, kama ulivyopaswa.

Baba alirudi barabara ilipofunguka, amekonda, bila shati la bluu. Alizunguka nyumba akayatazama matundu, akauliza ni panya wa aina gani anayetoboa kwa mstari. Lakini hilo lilikuja baadaye. Mchana ule wa mvua ya kwanza tulikuwa bado hatujui atafika lini.

Mvua ilipopungua Mama alisimama, akachukua bakuli lenye ukingo wa buluu, akalifunika tena pembeni, akaanza kuziba kingo zake kwa udongo.

"Mama, si pamekauka? Dani alisema."

"Palikauka jana," akasema, bila kugeuka. "Wewe kesho utaniambia."